Njia ya Shaba

Barabara ya TANZAM, ya Dar es Salaam hadi Zambia, haikutengenezwa kwa ajili yetu tunaoshuka Ipogolo, Iringa, na mabegi. Ilitengenezwa kwa ajili ya shaba.

Enzi za Waingereza njia kuu ilitoka Tunduma, mpakani mwa Zambia, ikapanda Iringa mjini, kisha ikaelekea Dodoma, Arusha hadi Nairobi. Ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa mchepuko tu. Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wakajitangazia uhuru Rhodesia, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake huko kusini, ikalazimika kutafuta mlango mwingine. Malori yakageukia kwetu: kwenda mapipa ya mafuta, kurudi shaba. Masika ikiingia, tope lilikula gari na siku pamoja. Bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakamilika 1975, na kati ya hayo mawili lami ikamwagwa hadi Tunduma, kilomita zipatazo 930, kwa fedha za Benki ya Dunia, Marekani na Sweden.

Tangu hapo miji ikahamia ilipo lami. Iringa ilibaki kilimani, biashara ya malori ikatua bondeni Ipogolo. Ile njia ya Dodoma ikangoja lami miaka arobaini na zaidi. Chalinze, njia panda ya Tanga na Moshi, inaishi kwa tumbo la msafiri. Makambako iliangukiwa na bahati mara mbili: reli na barabara zinakutana pale, na njia ya Njombe na Songea inachepukia papo hapo.

Mikumi ni habari nyingine. Hifadhi ya wanyamapori ilianzishwa 1964, lami ikaja kuipasua kwa kilomita 50 hivi. Hapo dereva huhesabu matuta, na ukibanwa haja usithubutu kuomba kuchimba dawa.

Ukitoka Ruaha Mbuyuni, vitunguu vikining'inia kwenye vibanda, unaingia Kitonga. Mlima mkono mmoja, korongo mkono wa pili. Malori hupanda kama yanayosita. Niliwahi kumwona utingo akitembea kwa miguu sambamba na tairi la nyuma, gogo begani, mpaka kona ya juu. Gari likilegea tu, anasukumia gogo. Abiria wa basi letu, waliopiga soga tangu Morogoro, walinyamaza wote.

Tunduma, kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa 2019, lakini foleni ya malori haijaisha. Yanayotoka Zambia na Kongo utayatambua kwa mzigo: mabamba ya shaba yamelazwa chini kabisa, yamefungwa minyororo, hayafiki hata nusu ya kimo cha mtu. Mgeni hudhani trela linarudi tupu. Wa mizani hawadanganyiki.