Habari za Ushanga katika Buganda, na Kazi ya Fundi Sanaa Gateja

Ushanga ni kitu kidogo, lakini habari zake katika nchi hii ni kubwa. Zamani, kabla ya rupia na shilingi kufika, fedha za Buganda zilikuwa shanga za buluu, na baada yake simbi, yaani kauri za pwani. Simbi hizo zilitobolewa na kutungwa katika uzi mia mia, na mwenye kununua alihesabu nyuzi. Hata leo Mganda akitaja fedha husema “ensimbi”, na pengine bahari yenyewe hajaiona.

Katika mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika barazani kwa Kabaka Suna II, na kwa sababu yake jina la Mwenyezi Mungu likatajwa mbele ya mfalme kwa njia ya Kiislamu. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilileta nguo, bunduki, simbi na shanga za kioo, na nyingi katika shanga za kioo zilizouzwa Afrika zilitengenezwa Venice, katika nchi ya Italia. Misafara iliporudi pwani ilichukua pembe za ndovu na, wala haifai kulificha jambo hili, ilichukua pia watumwa. Wenyeji walikuwa na mapambo yao waliyoyafanya kwa mikono yao, lakini ushanga wa mgeni ulipendwa zaidi. Basi kwa miaka mingi ushanga uliingia, na mali ya nchi, hata wana wa Adamu, ikatoka.

Msomaji akiyaweka hayo moyoni ataifahamu vizuri kazi ya Sanaa Gateja, fundi ambaye watu wamempa lakabu ya Mfalme wa Shanga. Alizaliwa mwaka 1950 huko Kisoro, kusini magharibi ya Uganda. Alikaa Mombasa akifanya biashara ya vitu vya sanaa na mapambo, kisha akaenda London kusoma kazi ya sonara katika chuo cha Goldsmiths. Aliporejea nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ilikuwa imetoka katika vita, na wanawake wengi walikuwa wakitafuta riziki kwa taabu. Sonara kwa desturi hutaka dhahabu, fedha na vito, na mwanamke wa kijijini atavipata wapi? Kilichokuwapo kwa wingi ni karatasi zilizotupwa. Fundi huyu akaziokota, akazifanya shanga, akaanzisha chama cha Kwetu Afrika, na akawafundisha wanawake kazi hiyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Karatasi hukatwa ukanda mrefu, mpana upande mmoja na mwembamba kama ncha upande wa pili. Ukanda huviringishwa juu ya sindano au kijiti, kuanzia upande mpana, na ncha hushikizwa kwa gundi. Hapo hupatikana ushanga ulionenepa katikati na kupungua pande zote mbili. Hukaushwa, hutiwa vanishi ili maji yasiuharibu, hukaushwa tena, kisha hutungwa kuwa mkufu, bangili au vipuli. Yasiyohesabika katika bei ni macho na vidole, kwani ukanda ukikatwa kombo ushanga hutoka kombo, na uzi mzima huharibika sura.

Gateja hakuishia katika mikufu. Alichukua olubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba ambayo Waganda wameigonga tangu zamani na ambayo UNESCO iliitukuza mwaka 2005, akashonea juu yake maelfu ya shanga za karatasi hata ikawa kama picha kubwa ya ukutani.

Ujuzi wa shanga za karatasi ukaenea Kampala. Karibu na Kireka, katika mtaa wa Waacholi, walikaa watu waliokimbia vita vya kaskazini, na wanawake wao walivunja mawe machimboni kwa ujira mdogo sana. Wengi wao walishika ukanda na gundi, na baada ya mwaka 2004 shanga zao ziliuzwa hata Marekani. Haifai kusema kwamba umasikini ulikwisha, maana kazi isiyo na siri hujaa watu na bei hushuka. Lakini mama aliyekaa kivulini akiviringisha karatasi, watoto wake wakiwa karibu naye, si sawa na aliyepiga mawe juani.

Mwaka 2024 kazi za Gateja zilitundikwa Venice, katika maonyesho makubwa ya sanaa, chini ya jina la Uganda. Mji ule ule ambao shanga zake za kioo zilibadilishwa kwa pembe na watu, sasa ulipokea shanga kutoka Uganda, zilizofanywa kwa takataka na kwa mikono ya watu huru.

Waislamu wanajua kwamba Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alikuwa mfalme, naye alifua mavazi ya chuma na kula kwa kazi ya mkono wake. Basi kijana asiidharau kazi ya mkono, wala asiseme hana mtaji, na hali karatasi iliyotupwa njiani imelisha nyumba nyingi za Kampala. Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono yetu. Amin.