Lugha ya Walezi: Watoto wa Wageni na Kiswahili katika Kisiwa cha Unguja, Karne ya 19

Historia ya Kiswahili katika karne ya 19 aghalabu husimuliwa kwa kufuata nyayo za wanaume waliosafiri. Hutajwa wafanyabiashara wa misafara ya pembe, walimu wa dini, wamisionari waliotunga kamusi, na hatimaye maofisa wa kikoloni walioteua lahaja ya kusanifiwa. Masimulizi hayo yana ukweli wake, lakini hueleza zaidi namna lugha ilivyotoka pwani kwenda bara. Hayaelezi kwa nini wageni waliotia nanga Unguja, wakiwa na lugha yenye dola, dini na maandishi, walijikuta baada ya kizazi kimoja au viwili wana watoto ambao Kiswahili ndicho kilichowajia kwanza mdomoni. Jibu la swali hilo ni la kutafutwa uani, kwa wanawake waliowalea watoto hao.

Kaya mbili za mwaka 1844

Mnamo Januari 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliwasili Unguja, na katika mwaka huohuo akahamia kisiwa cha Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, akashikwa na homa, akafariki dunia. Mtoto naye hakuishi ila siku chache. Kwa familia za Ulaya za wakati ule, kulea mtoto katika visiwa vya joto lilikuwa jambo la kubahatisha uhai wenyewe. Krapf alibaki na kazi ya lugha. Alikuwa amekwisha kuanza kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Hata hivyo, Kiswahili chake kilikuwa cha mtu mzima aliyejifunza kwa kuuliza na kuandika.

Tarehe 30 Agosti ya mwaka huohuo, katika kasri ya Mtoni kaskazini ya mji wa Unguja, alizaliwa Sayyida Salme binti Said. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa Mwarabu wa Oman aliyeyahamishia Unguja makao ya utawala wake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto na kufanywa suria. Kwa hiyo baba na mama wote wawili walikuwa wageni kisiwani, kila mmoja kwa njia yake: mmoja alikuja kutawala, mwingine aliletwa pasipo kuulizwa.

Lugha za Mtoni

Jina la kasri hiyo, Beit el Mtoni, ni ushahidi mdogo wa hali ya lugha iliyokuwamo. Nusu ya kwanza ni Kiarabu; nusu ya pili ni nomino ya Kiswahili yenye kiambishi tamati chake cha mahali. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, Salme anaeleza kwamba mbele ya baba yao Kiarabu tu ndicho kilichoruhusiwa. Alipoondoka, kasri ilijaa mchanganyiko wa lugha: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi.

Maelezo hayo yana thamani kubwa kwa mwanaisimujamii. Kwanza, yanaonyesha kuwa kulikuwa na sera ya lugha ya nyumbani, tena yenye nguvu ya mtawala mwenyewe. Pili, yanaonyesha mpaka wa sera hiyo: ilifika pale macho ya baba yalipofika. Mtoto wa kasri alimwona baba yake kwa nyakati maalumu na kwa adabu maalumu. Saa nyingine zote alikuwa mikononi mwa wanyonyeshaji na walezi, ambao wengi walikuwa wanawake wa Kiafrika waliokuwa watumwa. Hao ndio waliomwogesha, waliombembeleza, waliomwonya asiende kisimani, na waliomsimulia hadithi hata akasinzia.

Kiarabu kilikuwa na chuo. Watoto wa Seyyid Said, wa kike na wa kiume, walisomeshwa Kurani, ingawa wasichana walifunzwa kusoma bila ya kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo Kiarabu cha watoto hawa hakikupuuzwa. Kiliheshimiwa mno, kikawekwa mahali pa heshima. Kiswahili nacho kilibaki na mambo ya kila saa: njaa, mchezo, ugomvi, woga na mzaha. Lugha inayomiliki mambo hayo katika miaka mitano ya mwanzo ya mtoto haiondoki kwa urahisi.

Sheria, nasaba na ulimi

Jambo hili haliwezi kueleweka bila ya kutazama sheria. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto aliyezaliwa na suria na kutambuliwa na bwana wake alikuwa huru, mwenye haki ya nasaba na mirathi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mke mkuu wa Seyyid Said, Azza binti Seif, hakumzalia mtoto. Seyyid Said alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, watoto wake waliobaki hai, ambao Salme anawataja kuwa 36, walikuwa wa masuria. Ukoo wa kitawala wa Unguja uliendelea kupitia kwao.

Hapa nasaba na lugha ziliachana njia. Nasaba ilimfuata baba, na kwa nasaba hiyo mtoto alikuwa Mwarabu asiye na shaka. Lugha ilimfuata aliyemlea. Katika nyumba za Waarabu wa kawaida, ambamo mama mwenyewe mara nyingi alikuwa mwanamke wa pwani au wa bara, mvuto huo ulikuwa mkubwa zaidi. Ndipo likatokea kundi la watu waliojiita Waarabu kwa haki kamili, na ambao hata hivyo walihitaji mwalimu ili wakimudu Kiarabu.

Ni wajibu wa mwanahistoria wa lugha kutolifunika jambo hili kwa maneno matamu ya mchanganyiko wa tamaduni. Walezi hawa hawakuchagua kazi yao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897, lakini amri hiyo iliwaacha masuria nje, na haikuwahusu mpaka mwaka 1909. Aidha, wengi wa wanawake hao walikuwa na lugha zao za bara, nao walijifunza Kiswahili kisiwani kama walivyojifunza kila kitu kingine, kwa kulazimika. Wimbo wa kubembelezea aliokuwa akiujua mlezi kwa mama yake haukuwa lazima uwe wa Kiswahili. Alichowapa watoto wa bwana wake ni lugha aliyoipata baada ya kupokonywa yake. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Mama peke yake ugenini

Maisha ya Salme yanatoa pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mumewe alifariki kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Watoto hao walilelewa kama Wajerumani. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, alipoandika maisha ya babu yake mwaka 1929, aliyaandika kwa Kiingereza.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini Hamburg hapakuwa na ua wenye shangazi, walezi na watoto wa jirani wa kulitilia nguvu neno la mama. Unguja lugha ya uani iliishinda lugha ya mtawala. Hamburg lugha ya binti mtawala haikuwa na ua wa kuihifadhi. Tofauti ya matokeo haya haitokani na hadhi ya lugha, bali inatokana na idadi ya vinywa vinavyomzunguka mtoto.

Kutoka uani hadi usanifu

Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi, vyote kwa msingi wa lahaja ya mji huo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Sababu zilizotolewa zilihusu kuenea kwa lahaja hiyo. Ni vyema ikumbukwe, hata hivyo, kwamba lahaja iliyoenea ilikuwa imepikwa katika mji wa wageni, na kwamba sehemu ya wapishi wake walikuwa yaya wasiojua kusoma.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Unguja, na baada ya mwaka 1970 nyingi zilikwenda kuishi Oman. Huko zilifika zikiwa na nasaba iliyotambuliwa na lugha iliyoshangaza. Kiswahili kingali kinasikika Muscat, hasa kwa mabibi, huku wajukuu wakisomeshwa na kucheza kwa Kiarabu. Kanuni ileile iliyofanya kazi Mtoni inafanya kazi tena kwa kuelekea upande mwingine. Anayetaka kujua hatima ya Kiswahili katika familia hizo hana haja ya kuuliza kwanza kama wazee wanakipenda. Na aulize nani anakaa na mtoto mchana.