Guangzhou katika riwaya ya awali ya Kiingereza

Guangzhou, ambayo vitabu vya zamani huiita Canton, ni bandari ya kusini mwa China kwenye Mto Zhu Jiang. Iliingia katika historia ya riwaya ya Kiingereza kupitia masimulizi ya wasafiri wa karne ya 17 na 18. Watunzi wa riwaya hawakufika huko. Walisoma vitabu vya mabaharia, wafanyabiashara na mapadri Wajesuti.

Mabaharia

Shajara ya Peter Mundy, aliyefika Mto Zhu Jiang na meli za John Weddell mwaka 1637, ina habari nzuri mno, hata za kunywa chai. Haikuchapwa hadi karne ya 20, kwa hiyo haikuwafaa watunzi wa riwaya kama Defoe na Swift.

William Dampier alitia nanga kwenye kisiwa cha jirani mwaka 1687. Kitabu chake cha 1697 kiliwafundisha Waingereza namna ya kusimulia: nafsi ya kwanza, tarehe, pepo, vipimo vya kina, bei ya vyakula. Daniel Defoe aliichukua namna hiyo akaivika uzushi. Katika sehemu ya pili ya Robinson Crusoe (1719), mhusika mkuu anafika Nanjing na Beijing, kisha anarudi kwao kwa msafara kupitia Siberia. Habari za China zimechotwa kwa padri Louis Le Comte, na dharau aliyonayo Crusoe kwa Wachina ni nzito kuliko ya padri huyo. Mwaka uliofuata Defoe alimvusha Kapteni Singleton barani Afrika, kuanzia pwani ya Msumbiji, kwa mbinu ileile. Gulliver wa Swift, katika toleo la 1735, humwita Dampier binamu yake.

George Anson alifika mwaka 1742, akarudi 1743. Kitabu cha safari yake (1748), kilichotoka kwa jina la kasisi wake Richard Walter, kinalalamika kwamba waliuziwa kuku walioshindiliwa mawe. Kisa hicho kidogo cha sokoni kilikaa vichwani mwa wasomaji kuliko habari kwamba mabaharia wake walisaidia kuzima moto uliounguza sehemu ya mji. Hukumu ya kitabu hicho kwa taifa zima haikuwa ya haki.

Hau Kiou Choaan

Hapa ndipo Guangzhou ilipotoa mchango wake mkubwa. James Wilkinson, mfanyabiashara wa Kampuni ya India Mashariki aliyeishi mjini humo, aliacha hati ya riwaya ya Kichina, Haoqiu zhuan, ambayo sehemu zake tatu zilikuwa kwa Kiingereza na ya nne kwa Kireno. Hati hiyo ina tarehe ya 1719, mwaka uleule wa Robinson Crusoe. Wilkinson alifariki mwaka 1736. Thomas Percy aliihariri, akaitafsiri sehemu ya Kireno, akaichapisha London mwaka 1761 katika majuzuu manne kwa jina la Hau Kiou Choaan. Ndiyo riwaya ya Kichina ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza.

Percy hakujua Kichina. Kila mhusika mkuu, Tie Zhongyu au Shui Bingxin, anapofanya jambo geni kwa Mwingereza, tanbihi hueleza kwa kutegemea Le Comte, mwandishi Mjesuti Du Halde na masimulizi ya wasafiri. Matokeo yake, ukurasa mmoja una hadithi juu na safari chini. Wachina wanaosema na kupendana kwa hadhi yao wamesimama juu ya maneno ya wageni, na wanayashinda.

Oliver Goldsmith

Mwaka mmoja baada ya kitabu cha Percy, Goldsmith alitoa The Citizen of the World (1762): barua za Mchina wa kubuni aliyeko London.

Mipaka ya walichokiona

Kuanzia 1757 hadi 1842 biashara ya baharini ya Wazungu ilifungiwa Guangzhou. Waliishi katika nyumba za biashara kando ya mto, nje ya kuta, bila wake zao, na msimu ukiisha walihamia Macau. Aliyeandika kuhusu China mara nyingi alikuwa ameona gati, maghala na madalali.

Siku hizi

Nyumba hizo ziliungua mwaka 1856. Jina lao la Kichina, Shisanhang, limebaki kwenye mtaa. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Nairobi huijua Guangzhou zaidi kwa maonyesho ya biashara yaliyoanza 1957 na kwa mtaa wa Xiaobei.