Krisanthemu mpya: Ua huzalishwa vipi, na ni nani hulimiliki?

MKULIMA wa Molo akionyeshwa krisanthemu kwa mara ya kwanza, huenda akadhani ameonyeshwa binamu wa pareto. Hatakuwa amekosea. Pareto, zao ambalo kwa miongo kadhaa liliifanya Kenya kuongoza ulimwenguni, liliwahi kuwekwa na wataalamu wa mimea katika jamii moja na krisanthemu na kuitwa Chrysanthemum cinerariifolium, kabla ya kuhamishiwa jamii ya Tanacetum.

Tofauti ya mimea hii miwili imo katika kazi yake. Pareto huchumwa kichwa pekee, kikakaushwa na kusindikwa ili kutoa dawa ya kuua wadudu. Krisanthemu hukatwa pamoja na shina lake refu, ikafungwa shada na kupelekwa sokoni ikiwa mbichi. Mnunuzi naye hutarajia ikae katika chombo cha maji kwa muda wa wiki mbili hivi bila kunyauka.

Nakuru ina historia ndefu ya kuzalisha aina za mimea. Kituo cha utafiti cha Njoro, kilichoanzishwa mwaka wa 1927, kimetoa aina nyingi za ngano. Huko Molo, watafiti walichagua mimea bora ya pareto kwa kupima kiasi cha sumu ya wadudu kilichomo katika maua yake. Lakini katika biashara ya maua ya kukatwa, ambayo iliiletea Kenya zaidi ya Sh100 bilioni mwaka wa 2021 na ambayo kitovu chake ni Naivasha, aina nyingi zinazopandwa ni milki ya kampuni za ng'ambo. Mwenye shamba hulipia mche, na juu ya bei hiyo hulipa ada kwa mmiliki wa aina.

Ili kuelewa ni kwa nini hali iko hivyo, ni sharti kwanza kufahamu jinsi aina mpya inavyopatikana.

UA LILILOTANGULIA WARIDI

Leo Naivasha inajulikana kwa waridi, ila krisanthemu ni miongoni mwa maua yaliyofungua njia. Kampuni ya Denmark iliyoitwa Dansk Chrysanthemum Kultur ilianza shughuli zake nchini mwaka wa 1969, ikiwa na mashamba Masongaleni, karibu na Kibwezi, na pia Naivasha. Waridi lilikuja kutawala miaka ya baadaye.

Kilimo cha krisanthemu kina sharti moja ambalo halimhusu mkulima wa waridi. Mmea huu huhesabu urefu wa usiku. Tabia hiyo ya mimea ilielezwa na watafiti wawili wa Marekani, Garner na Allard, mwaka wa 1920. Usiku ukiwa mfupi, krisanthemu huendelea kurefusha shina na kuongeza majani. Usiku ukirefuka, huacha kurefuka na kuanza kufanya vitumba vya maua.

Barani Ulaya, mkulima hulazimika kufunika mimea yake kwa vitambaa vyeusi wakati wa kiangazi ili ipate usiku mrefu, na kuwasha taa wakati wa majira ya baridi. Naivasha iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa krisanthemu, huo ni usiku mrefu usiokoma. Mche uliopandwa bila taa utachanua ungali mfupi, usifae kuuzwa.

Kwa sababu hiyo, taa huwashwa katikati ya usiku kwa wiki kadhaa za mwanzo ili shina lirefuke, kisha huzimwa ili maua yaanze kutunga. Mimea mama, ambayo kazi yake ni kutoa vipandikizi, huwashiwa taa wakati wote. Mkulima wa Naivasha ameondolewa gharama ya vitambaa, lakini ya umeme iko pale pale.

Aina za krisanthemu hutofautiana kwa idadi ya wiki zinazopita tangu taa kuzimwa hadi maua kukatwa. Nyingi za kukatwa huchukua kati ya wiki saba na kumi. Aina inayookoa wiki moja humpa mkulima nafasi ya kuvuna mara nyingi zaidi katika kivungulio kile kile. Hilo ni mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo mzalishaji hutazama.

KUOANISHA WAZAZI

Kile tunachokiita ua la krisanthemu kwa hakika ni mkusanyiko wa maua madogo mengi katika kichwa kimoja. Yale ya ukingoni, yenye petali ndefu, ni ya kike pekee. Yale ya katikati yana sehemu za kike na za kiume, na ndiyo yanayotoa chavua.

Kwa kawaida mmea huu hukataa chavua yake wenyewe, hivyo ni lazima wapatikane wazazi wawili. Mzalishaji huchagua, mathalan, mzazi mmoja mwenye shina imara na mwingine mwenye rangi inayotafutwa. Hupunguza petali za mzazi wa kike kwa makasi ili sehemu zinazopokea chavua zionekane, kisha hupaka chavua kwa brashi laini. Kazi hiyo hurudiwa kwa siku kadhaa, kwa kuwa maua hayo madogo hufunguka kwa zamu kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Hatimaye kichwa hufunikwa kwa mfuko ili wadudu wasilete chavua nyingine, na mbegu husubiriwa zikomae.

Hapo ndipo shughuli hugeuka kuwa bahati nasibu. Krisanthemu ya bustani kwa kawaida ina kromosomu 54 katika kila seli, yaani seti sita, ilhali binadamu ana seti mbili. Kila mbegu hupata mchanganyiko wake. Mbegu mia moja za kichwa kimoja zaweza kutoa mimea mia moja, na kusiwe na miwili inayofanana.

Hata hivyo, mmoja tu ukiwa mzuri, watosha. Krisanthemu haiuzwi kwa mbegu bali kwa vipandikizi, yaani vichipukizi vinavyokatwa na kutiwa mizizi. Kila kipandikizi hurithi sifa zote za mama yake. Mche mmoja uliopatikana kwa bahati waweza kuzaa mamilioni.

RANGI ZISIZOTARAJIWA

Ipo njia ya pili. Mara nyingine tawi moja la mmea wa waridi-waridi hutoa ua la manjano au jeupe kutokana na badiliko la ghafla katika seli zake. Tawi hilo likikatwa na kukuzwa kwa uangalifu, rangi mpya hudumu.

Wataalamu hawakungoja mabadiliko hayo yaje yenyewe. Walianza kupiga vipandikizi kwa miale ya eksirei au ya gama ili kuyaharakisha. Nchini Uholanzi, aina iliyoitwa 'Horim' ilipigwa miale, mimea iliyobadilika ikapigwa tena, na familia nzima ya rangi ikapatikana kutoka kwa mzazi mmoja.

Faida ya familia kama hiyo ni kwamba rangi zote hukua kwa mwendo mmoja. Mkulima huzipanda pamoja, huzima taa siku moja na huzikata wiki moja.

MCHUJO MKALI

Kuzalisha miche elfu moja ni kazi nyepesi kuliko kuitupa 999. Mchujo wa kwanza ni wa macho: rangi, umbo la ua na jinsi vichwa vilivyopangika juu ya shina. Miche mingi huondolewa hapo.

Inayosalia hukatwa vipandikizi na kupandwa tena, safari hii kwa makundi, na katika misimu tofauti. Huulizwa maswali magumu zaidi. Je, shina huweza kubeba vichwa vyake bila kupinda? Majani ya chini hubaki kijani kibichi? Mmea mama hutoa vipandikizi vingi, na vyote hutoa mizizi kwa wakati mmoja? Ua hustahimili kufungiwa ndani ya sanduku, kupitia vyumba vya baridi na saa kadhaa angani, na bado likafunguka vyema katika chombo cha mnunuzi?

Aina iliyofaulu Uholanzi, katika usawa wa bahari, haina uhakika wa kufaulu Naivasha, takribani mita 1,900 juu ya bahari, ambako jua la mchana ni kali na usiku ni baridi. Joto likizidi, vitumba huchelewa. Baridi ya usiku nayo huweza kukoleza rangi. Ndiyo maana wazalishaji wa waridi kama De Ruiter na Schreurs wameweka mashamba ya majaribio Naivasha kwenyewe. Kwa krisanthemu, majaribio ya aina hiyo kwa kawaida hufanya safari yote, kutoka kuoanisha hadi sokoni, ichukue miaka mitano hivi.

FUNZO LA 1976

Kuna hatari katika kutegemea miche ya kutoka mbali. Mwaka wa 1976, inzi mdogo aitwaye Liriomyza trifolii, ambaye mabuu yake huchimba vijia ndani ya majani, aliingia Kenya pamoja na vipandikizi vya krisanthemu kutoka jimbo la Florida, Marekani. Kutoka kitalu cha Masongaleni alisambaa na kuvamia mimea mingine. Madhara hayakuishia kwa wauzaji wa maua. Mdudu huyo hushambulia pia nyanya, maharagwe na njegere, vyakula vya mkulima mdogo.

Adui mwingine ni kutu nyeupe, ugonjwa wa ukungu unaowekewa masharti ya karantini katika mataifa mengi. Aina inayostahimili kutu humwokolea mkulima dawa, na humwondolea hofu ya mzigo wake kukataliwa bandarini.

NANI MWENYE UA?

Aina ikishapatikana, mzalishaji anaweza kuomba haki ya kuimiliki. Nchini Kenya haki hizo hutolewa chini ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, na husimamiwa na shirika la KEPHIS, lililoundwa mwaka wa 1996. Aina sharti iwe mpya sokoni, itofautiane na zinazojulikana, mimea yake ilingane, na sifa zake zidumu kizazi baada ya kizazi. Sharti pia ipewe jina linalokubalika.

Kenya ilijiunga na muungano wa kimataifa wa UPOV, unaolinda aina za mimea, mwaka wa 1999 chini ya mkataba wa 1978. Mwaka wa 2016 iliingia mkataba wa 1991, ambao unatoa ulinzi wa angalau miaka 20 kwa mimea isiyo miti wala mizabibu.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mtu wa Naivasha. Chini ya mkataba wa 1991, tawi la rangi mpya lililochipuka kutoka aina inayolindwa laweza kuhesabiwa kuwa limetokana moja kwa moja na aina hiyo. Aliyeligundua hawezi kuliuza bila idhini ya mwenye aina ya kwanza, hata kama lilichipuka katika kivungulio chake.

Lakini mkataba huo huo umeacha mlango wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kutumia aina inayolindwa kama mzazi wa kuoanisha, bila kuomba ruhusa, ili kupata aina nyingine mpya. Kwa hivyo, kwa Mkenya anayetaka kumiliki krisanthemu yake, njia iliyo salama kisheria ni ile ndefu ya brashi na chavua.

Njia hiyo haihitaji maajabu. Yahitaji wazazi wazuri, vivungulio vyenye taa, maabara ya kusafisha mimea mama dhidi ya virusi, na subira ya miaka bila mapato. Ujuzi wa kuoanisha na kuchuja umekuwepo katika kaunti hii tangu enzi za ngano ya Njoro na pareto ya Molo, na Chuo Kikuu cha Egerton kinafundisha sayansi hiyo papo hapo Njoro. Kinachokosekana ni mwekezaji wa kuvumilia miaka hiyo. Asipopatikana, mashamba ya Naivasha yataendelea kulipa ada kwa kila kipandikizi cha ua lililozaliwa kwingine.