Besi Ina Namba, Mpigaji Hana

Chukua santuri yoyote ya zamani ya Tanga uitazame pale katikati. Utasoma jina la bendi, jina la wimbo, pengine na la mtunzi. Mpiga besi je? Mara nyingi hayumo.

Gita lenyewe, kumbe, lina historia iliyoandikwa. Mwaka 1951 Leo Fender wa Fullerton, California, alitoa gita la besi la umeme akaliita Precision, yaani usahihi. Sababu ipo. Ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama haina vyuma shingoni. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti imeharibika. Ya Fender ilikuwa na vyuma, ukibonyeza sauti inatoka palepale. Mwaka 1957 pikapu yake ikagawanywa vipande viwili. Mwaka 1960 ikaja ndugu yake, shingo nyembamba, pikapu mbili, ikaitwa Jazz Bass. Mwaka 1965 kampuni ikauzwa kwa CBS, na mwaka 1968 umbo la 1951 likarudishwa sokoni kwa jina jingine: Telecaster Bass.

Hapo kwenye neno Jazz ndipo panapochekesha. Fender aliwalenga wapiga jazz, lakini watu wa roki na soul nao wakaidaka. Tanga nako tulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Walipiga jazz ya Marekani? Wapi! Walipiga dansi, rumba na chacha, kwa Kiswahili safi. Jazz lilikuwa jina la kujivika, kama kijana anayevaa suti kwenda dansini.

Na besi haikuishia dansini. Unguja taarab ilikuwa ya okestra kubwa: udi, kanuni, fidla kibao na ile besi ya kusimama. Tanga, miaka ya 1960, Black Star Musical Club wakaingiza magita na besi ya umeme. Watu wachache, umeme mwingi. Lucky Star wakafuata, na Mombasa nako wakaiga. Shakila, aliyefariki mwaka 2016, aliimba juu ya mdundo huo. Mwaka 1989 GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo za vikundi hivyo viwili, ikaziita Nyota, kwa kuwa nyota imo kwenye majina yote mawili.

Wanamuziki walihamahama sana. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, na miaka ya 1970 wakang'ara Kenya na Simba Wanyika. Vyombo, lakini, mara nyingi vilikuwa vya klabu au vya tajiri. Mpigaji akiondoka, gita linabaki, linashikwa na mwingine.

Sasa fikiri. Anayemiliki Fender ya zamani huifungua shingo, akasoma tarehe iliyoandikwa kwa penseli kule kiwandani, akaangalia na namba yake, akajua umri wake. Mbao ina cheti cha kuzaliwa! Lakini yule aliyeipiga mpaka alfajiri, akawachezesha wakata mkonge na makarani, hana hata mstari mmoja.

Sisi tunaojifunza kuandika tunahangaika kutafuta visa vya mbali. Visa vipo Ngamiani, barazani. Nenda na daftari, amkia wazee, kisha uliza: besi alikuwa anapiga nani? Andika jina kamili.