Historia ya Somo Lisilo na Alama



Kamati imeniomba niandike juu ya shule kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Nimechagua somo lisilopewa alama: mtoto kutambua uchungu wake, kutuliza hasira, kumsikiliza mwenzake na kupatana naye.

Upande huu wa Ziwa Mweru umetupokea mara mbili. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, watu wetu walipokelewa katika kambi za Kala na Mwange, ambazo zilifungwa mwaka 2010. Mwaka 2017 vita vya Tanganyika na Haut-Katanga vilituleta Kenani, na mwaka 2018 tukafunguliwa makazi ya Mantapala.

Somo hili nalo lina safari yake. Mwaka 1996 Mama Graça Machel, aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Msumbiji, alipeleka Umoja wa Mataifa ripoti juu ya watoto vitani, akisisitiza elimu isingoje vita viishe. Muda mfupi baadaye UNHCR ilianzisha elimu ya amani katika kambi za Dadaab na Kakuma, Kenya: kipindi kimoja kwa juma, chenye michezo na mazungumzo, na walimu wakiwa wakimbizi wenyewe. Tangu mwaka 2011 mpango wa namna hiyo ulijaribiwa katika shule za Katanga na Kivu Kusini, ukiunganishwa na kusoma na hesabu. Wanafunzi waliona walimu wanawajali zaidi. Mwaka huohuo sheria ya elimu ya Zambia ilikataza viboko shuleni.

Mimi nilichelewa kuelewa. Chuo cha ualimu kilinifundisha maandalio ya somo na nidhamu. Mwaka wangu wa kwanza huku, mtoto mmoja wa darasa la tatu hakuitika nilipoita majina. Nilimwona mkaidi, nikamsimamisha pembeni siku tatu. Siku ya nne bibi yake akaja. Kwetu Waluba, pacha wa kwanza huitwa Kyungu, wa pili Kabange. Mtoto yule alikuwa wa pili. Kila asubuhi alikuwa anangoja nianze kumwita mwenzake, aliyebaki njiani.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuita majina, nauliza: leo moyo ukoje? Wengine hujibu kwa Kiswahili, wengine kwa Kibemba, wengine kwa mkono tu. Watoto wetu wametoka kwenye Kifaransa wakaingia kwenye Kiingereza. Kimya chao si ujinga siku zote.

Ombi langu kwa Kamati na mashirika: mitihani ikikaribia, kipindi hiki ndicho hukatwa kwanza. Kiacheni. Dakika chache zile ndizo zinazomfungulia mtoto mlango wa masomo mengine.