Geoffrey Griffin: Afisa wa jeshi la mkoloni aliyekuja kuwalea wavulana wa Starehe

Wakenya wengi wanaijua Starehe kama shule ya wavulana werevu, ile yenye bendi inayopiga kwenye sherehe za kitaifa. Wachache wanajua kuwa mwanzilishi wake alikuwa mwanajeshi, tena wa upande uliokuwa ukipigana na Mau Mau.

Jina lake ni Geoffrey William Griffin. Hii hapa safari yake, kutoka kambi ya jeshi hadi darasani.

Utoto na jeshi

Griffin alizaliwa Eldoret mwaka 1933, katika familia ya Waingereza. Alisomea humu humu nchini, na shule yake ya mwisho ilikuwa Prince of Wales, Nairobi, ambayo leo inaitwa Nairobi School.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Griffin, kijana asiyetimiza hata miaka 20, akajikuta vitani. Alikuwa afisa katika kitengo cha ujasusi cha jeshi.

Vita hivyo havikuwa vya msituni peke yake. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi na kukamata watu zaidi ya 20,000 na kuwapeleka kizuizini. Familia zilivunjika. Watoto walibaki bila baba, wengine bila baba wala mama, na wengi wakaishia barabarani.

Muda wake jeshini ulipokwisha, Griffin alikataa kuongeza mkataba. Hakukubaliana na jinsi watu walivyokuwa wakitendewa katika vita hivyo. Huo ndio uamuzi uliobadilisha maisha yake.

Wamumu: kambi iliyogeuzwa shule

Kati ya waliofungiwa kambi ya Manyani kulikuwa na wavulana wadogo, waliowekwa pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 wavulana hao walihamishiwa Wamumu, kwenye tambarare za Mwea. Griffin alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kuwasimamia.

Pale Wamumu wavulana walisoma, wakafundishwa kazi za mikono, wakacheza mpira na kupiga kwata. Siku ilikuwa na ratiba kama ya jeshi, ila sasa lengo lilikuwa mtoto atoke akiwa na kisomo na ujuzi mkononi.

Lakini tusisahau: Wamumu ilikuwa kambi ya serikali ya kikoloni. Wavulana hawakwenda kwa hiari yao, na mkoloni alitaka watoke wakiwa watiifu kwake. Ndiyo maana wanahistoria bado wanabishana kuhusu kambi hiyo.

Griffin alitoka Wamumu akiamini jambo moja: mvulana anayeitwa mhalifu, ukimpa kazi, kanuni na heshima, anabadilika.

Vibanda viwili vya mabati

Baada ya hapo alisimamia klabu za vijana. Tatizo la Nairobi halikuwa limekwisha. Chokoraa walikuwa wengi mjini, na jibu la serikali mara nyingi lilikuwa kuwakamata na kuwarudisha mashambani, halafu baada ya siku chache wako mjini tena.

Novemba 1959, akiwa na miaka 26, Griffin alifungua kituo cha kuwaokoa wavulana hao. Hakuwa peke yake. Alianza na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Gikubu mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari. Yaani aliyekuwa afisa wa mkoloni na aliyekuwa mfungwa wa mkoloni wakaanzisha shule pamoja.

Mwanzo ulikuwa mdogo: vibanda viwili vya mabati. Baadaye yakaja madarasa, mabweni, sekondari, na mafunzo ya ufundi kwa waliomaliza kidato. Misaada ilitoka kwa wafadhili wa ndani na wa nje.

Mkuu wa NYS, na China naye yumo

Kenya ilipopata uhuru, wazungu wengi wa jeshi na serikali walifunga virago. Griffin alibaki. Mwaka 1964 serikali ya Jomo Kenyatta ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS, na akawekwa kuwa mkurugenzi wake.

Kazi ilikuwa kuwachukua vijana wasio na ajira, kuwapa nidhamu na ujuzi, na kuwatumia kujenga taifa.

Mmoja wa wasaidizi wake wakuu alikuwa Waruhiu Itote, yule yule Jenerali China. Itote alipigana Burma akiwa askari wa KAR katika Vita Kuu ya Pili, kisha akaongoza wapiganaji wa Mau Mau eneo la Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954 na akahukumiwa kifo, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa. Watu waliokuwa pande mbili za vita miaka kumi tu nyuma, sasa walikuwa ofisi moja wakifundisha vijana.

Griffin aliongoza NYS hadi 1988, na miaka yote hiyo alikuwa pia mkurugenzi wa Starehe.

Starehe iliendeshwaje?

Ukiangalia kwa makini, alama za jeshi zilikuwepo: usafi, kufuata muda, viranja wenye majukumu mazito. Lakini kuna mambo ambayo jeshini huyakuti.

- Baraza. Kila wiki wanafunzi walikaa na mkurugenzi na kusema wazi kinachowakera, iwe chakula, viranja au walimu. Askari hamwambii afande hivyo.
- Karo. Wengi walisoma bure. Wenye wazazi wenye uwezo walilipa, kila mmoja kulingana na mfuko wake. Hata fomu ya kuomba nafasi iliuliza hali ya nyumbani.
- Kujitolea. Wakati wa likizo wanafunzi walikwenda kufanya kazi kwa jamii bila malipo.

Matokeo yalionekana. Shule iliyoanza kwa ajili ya watoto wa mitaani ikawa miongoni mwa shule bora kabisa za Kenya kwenye mitihani ya taifa. Kaulimbiu yake ni maneno mawili tu: Natulenge Juu.

Mwisho wa safari

Griffin aliongoza Starehe kwa zaidi ya miaka 45, hadi alipofariki Juni 28, 2005, akiwa na umri wa miaka 72. Mwaka huo huo shule dada ya wasichana, Starehe Girls, ilianza kazi. Alizikwa ndani ya uwanja wa shule aliyoianzisha.

Sare ya jeshi aliivaa miaka michache tu. Nidhamu aliyotoka nayo huko aliitumia maisha yake yote, safari hii kwa faida ya watoto ambao vita vile viliwaacha bila mtu.